Kiuno kinauma, lakini kiasi gani? Namna ya kupima maumivu ya nyonga na mgongo ukiwa mjamzito

Mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi alinijia mimba ikiwa na wiki 28. "Kiuno kinaniuma," akasema. Nikamfundisha mazoezi, nikamwonyesha namna ya kulala ubavu na mto katikati ya magoti. Baada ya wiki nne akarudi. Unaendeleaje, dada? "Bado kinauma."

Kwa jibu lile sikujua nifanye nini. Mazoezi yanamsaidia tuendelee nayo, au hayamsaidii tuyabadili? Ikabidi nimchimbue. Usiku unageukaje? "Siku hizi nageuka mwenyewe, mwezi uliopita mpaka mume wangu anivute mkono." Na bombani? "Nafika bila kusimama njiani." Kumbe alikuwa amepata nafuu kubwa, ila hatukuipima, si yeye wala mimi. Yeye alikumbuka tu usiku wa kuamkia siku ile, ambao ulikuwa mbaya.

Tangu hapo kila mjamzito anayenijia na maumivu haya namwomba anunue daftari dogo la shule na kalamu. Mwongozo huu ni wa hilo daftari. Nimeuandika nikiwafikiria akina mama wa huku Kigoma, lakini aliye Tabora, Urambo au Sikonge ataufuata vilevile, abadili tu kazi za mifano.

Kwanza niseme jambo moja linaloniuma. Karibu nusu ya wajawazito hupata maumivu ya mgongo wa chini au ya nyonga, na kama mmoja kati ya watano hupata yale ya nyonga hasa. Kwa kuwa ni wengi hivyo, wengi huambiwa, "Ni mimba tu, vumilia, utajifungua." Ni kweli kwamba yanaletwa na mimba: homoni hulegeza kano zinazoshika mifupa ya nyonga, tumbo linavuta mbele, na misuli inabeba mzigo ambao haikuuzoea. Lakini maumivu yakiletwa na mimba hayaachi kuwa maumivu, na mengi yanapungua yakishughulikiwa. Ili ujue yanapungua, lazima uyapime.

Kabla ya kufungua daftari

Kuna maumivu ambayo hayaandikwi kwenye daftari, yanapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Nenda kama maumivu ya kiuno yanakuja na kuachia kwa mpangilio na hujafika wiki ya 37. Nenda kama unatokwa damu au maji ukeni, au mtoto amepunguza kucheza. Homa, kukojoa kwa maumivu na maumivu ya ubavuni ni dalili za maambukizi ya njia ya mkojo yanayoweza kuwa yamefika kwenye figo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Kichwa kikali na kuona maruweruwe vinahitaji kupimwa presha upesi. Na ukihisi ganzi katikati ya mapaja, ukashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mguu ukaishiwa nguvu, usisubiri kupambazuke.

Ukifika, chagua neno lako. Kwa mkunga, "uchungu" maana yake ni kuzaa. Mjamzito akisema "nasikia uchungu wa kiuno" atalazwa kitandani na kupimwa njia. Kama ni haya tunayozungumzia hapa, sema "maumivu", kisha uonyeshe kwa mkono.

Hatua ya kwanza: onyesha ni wapi

Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu neno letu "kiuno" limebeba kila kitu. Mmoja akisema kiuno anamaanisha mgongo wa chini, mwingine anamaanisha makalio, mwingine anaona haya kutaja kinena, basi anasema kiuno. Kwa mtaalamu hayo ni matatizo tofauti na matibabu yake hayafanani.

Simama, weka mikono kiunoni kama mtu anayemsubiri mtoto mkaidi arudi nyumbani. Chini ya viganja utahisi mifupa miwili, ndiyo kingo za juu za nyonga. Maumivu yaliyo juu ya mstari huo, katikati au pembeni ya uti wa mgongo, ni ya mgongo wa chini. Yaliyo chini yake, kuzunguka vile vishimo viwili vya nyuma, ndani ya makalio, wakati mwingine yakishuka nyuma ya paja, au mbele kwenye mfupa wa kinena, ni ya nyonga.

Yana tabia zake pia. Ya nyonga hukamata ukigeuka kitandani, ukipanda ngazi au ukisimama kwa mguu mmoja kuvaa nguo. Ya mgongo wa chini mara nyingi hufanana na yale uliyowahi kupata kabla ya mimba, baada ya kulima au kuinama sana. Unaweza kuwa na yote mawili.

Sasa chora mtu kwenye daftari, mara mbili: mbele na nyuma. Uchoraji wa mtoto wa darasa la kwanza unatosha. Tia kivuli panapouma, andika tarehe na wiki ya mimba. Rudia kila baada ya wiki mbili kwenye ukurasa mpya. Usiongeze juu ya mchoro wa zamani, kwani tunataka kuona tofauti kati ya picha na picha. Aliyekuwa na vivuli vitatu akabaki na kimoja amepiga hatua, hata kama hicho kimoja bado kinauma vibaya. Wenye maumivu sehemu zote tatu, yaani kinena na pande zote mbili za nyuma, ndio hasa wanaochelewa kupona baada ya kujifungua, kwa hiyo mtaalamu akiuona mchoro wa namna hiyo atakufuatilia kwa karibu zaidi.

Hatua ya pili: maumivu yape namba

Sifuri ni kutouma kabisa. Kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyawazia. Namba mbili zinatosha: maumivu ya sasa hivi, na maumivu yaliyokuwa makali kuliko yote leo.

Usizidishe kupima. Mara mbili kwa wiki ni sawa, mfano Jumatano na Jumapili, saa mbili usiku baada ya chakula. Saa isibadilike. Maumivu ya nyonga huwa mabaya jioni, kwa kuwa mwili umechoka. Ukipima wiki hii asubuhi na wiki ijayo usiku, utadhani umeharibikiwa kumbe umebadili saa tu. Anayejiuliza kila saa "inauma ngapi sasa?" naye anajitesa bure, maana fikra zote zinahamia kwenye nyonga.

Tena, funika namba za nyuma kwa karatasi kabla ya kuandika mpya. Ukiona uliandika saba, mkono utataka kuandika sita kumfurahisha mhudumu, au nane ili uhurumiwe. Mimi sikulaumu kwa lolote kati ya hayo, ila namba haitakuwa ya kweli.

Kama ulimeza dawa, andika jina na saa. Parasetamo kwa kipimo sahihi ndiyo inayopendekezwa kwa mjamzito. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila duka la dawa, na huwa nasikitika kuona zinavyonunuliwa kwa ajili ya kiuno cha mimba. Zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto, hasa kuanzia wiki ya 20, kwa hiyo usizitumie bila daktari kukuandikia.

Hatua ya tatu: chagua kazi zako mwenyewe

Kama ungeniambia nibakishe kipimo kimoja tu, ningebakisha hiki. Namba ya maumivu hupanda na kushuka kwa mambo mengi. Kazi huwa haidanganyi: ama umefika na ndoo, ama hukufika.

Chagua kazi tatu hadi tano zinazokushinda au kukutesa sasa. Ziwe kazi za maisha yako, unazozifanya karibu kila siku, na uzieleze kinaganaga. "Kubeba maji" haitoshi. "Kubeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani mpaka mlangoni" inatosha. Akina mama niliowahudumia wameandika mambo kama haya:

- kugeuka kitandani kutoka ubavu wa kulia kwenda wa kushoto
- kuinuka kutoka choo cha kuchuchumaa
- kuvaa chupi nikiwa nimesimama
- kuinama kuanika dagaa kwenye kichanja kwa muda wa karai moja
- kushuka kwenye bodaboda
- kusonga ugali wa watu sita bila kukaa

Mama mmoja wa Ujiji aliandika "kuinuka kutoka kwenye sijda", nami nikaona hakuna kipimo bora kuliko hicho. Ni tendo lilelile kila siku, kwa saa zilezile, kwenye mkeka uleule. Alipoanza alikuwa akiswali ameketi kwenye kiti, kama dini inavyomruhusu mwenye udhuru. Tukafuatilia maendeleo yake kwa tendo hilo.

Kila kazi ipe namba kati ya 0 na 10, lakini angalia: hapa mambo yamegeuka. Sifuri ni "siwezi kabisa", kumi ni "nafanya kama kabla ya maumivu". Kwenye maumivu tunataka namba ishuke, kwenye kazi tunataka ipande. Andika maneno hayo juu ya ukurasa kwa herufi kubwa, kwa sababu wengi huchanganya. Kisha jumlisha namba zote, gawanya kwa idadi ya kazi. Mfano: kugeuka 3, choo 4, ndoo 2. Jumla ni 9, wastani ni 3. Pima kila baada ya wiki mbili, kazi zilezile, bila kubadili katikati kwa kuwa moja imekuwa rahisi. Hiyo iliyokuwa rahisi ndiyo ushahidi wako.

Hatua ya nne: inua mguu

Kipimo hiki kinahitaji mtu wa kukuangalia na rula ya mtoto wa shule. Lala chali kwenye mkeka au kitanda kigumu, kichwa juu ya mto, miguu imenyooka na kuachana kama sentimita 20. Bila kukunja goti, inua mguu mmoja sentimita 20 kutoka chini, ushushe. Kisha mwingine. Kila mguu upe namba: 0 si vigumu hata kidogo, 1 vigumu kidogo sana, 2 vigumu kiasi, 3 vigumu, 4 vigumu mno, 5 siwezi kuuinua. Jumlisha miguu yote miwili, utapata kati ya 0 na 10.

Mimba ikishakuwa kubwa usikae chali muda mrefu. Jaribio lote lisizidi dakika moja au mbili, na ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu geukia ubavu wa kushoto mara moja na uache.

Rudia mara ya pili huku mwenzako akibana nyonga zako pande zote mbili kwa viganja, kwa uthabiti lakini bila kuumiza. Kama mguu uliokuwa mzito kama gunia unakuwa mwepesi, umejua kitu cha maana: nyonga yako inahitaji kushikiliwa, na huenda mkanda wa wajawazito au khanga iliyokunjwa na kufungwa vizuri chini ya tumbo, kuzunguka mifupa ya nyonga, ikakusaidia unapofanya kazi. Andika namba zote mbili, bila kubanwa na ukiwa umebanwa.

Mara moja kwa wiki mbili inatosha.

Hatua ya tano: dodoso, ukiwa na mtaalamu

Wataalamu wa Norway walitoa mwaka 2011 dodoso la maumivu ya nyonga lenye maswali 25: maswali 20 ya shughuli na 5 ya dalili. Kila jibu ni 0 hadi 3, na matokeo husomwa kwa asilimia. Asilimia ikipungua, hali imekuwa nzuri. Ukienda fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, mwulize mtaalamu kama mnaweza kulitumia, mara moja kwa wiki nne.

Baadhi ya maswali yake hayatuhusu. Linauliza juu ya kusukuma kigari cha kununulia bidhaa dukani, na soko la Mwanga halina vigari hivyo. Usikisie. Swali lisilokuhusu liruke, kisha gawanya kwa alama za juu kabisa za maswali uliyojibu tu. Umejibu 23? Alama za juu kabisa ni 69. Ukipata 31, ni 31 kugawa kwa 69 mara 100, yaani asilimia 45. Mara ya pili ruka yaleyale. Na mhudumu akikutafsiria, atumie maneno yaleyale kila mara, kwani "unapata shida?" na "unashindwa?" hayaleti jibu moja.

Hatua ya sita: andika kilichokuwa kikiendelea

Yule mama wa Kibirizi aliendelea na daftari. Wiki ya 33 maumivu yake yakashuka kutoka 7 hadi 4, sote tukafurahi. Wiki iliyofuata yakarudi 7. Nikataka kubadili mazoezi. Yeye ndiye aliyenisahihisha: "Wiki ile ilikuwa mbalamwezi." Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi haiendi ziwani, na yeye hana cha kuanika. Alipumzika, ndiyo maana nyonga zilitulia. Mazoezi hayakuhusika kwa lolote, si kwa kushuka wala kwa kupanda.

Kwa hiyo pembeni ya kila namba weka mstari mmoja: wiki hii nimefanya kazi gani na kwa kiasi gani, nimelala vipi, nimefanya mazoezi siku ngapi, kuna safari au msiba. Kwa aliye Tabora, msimu wa kupanda na wiki za kuvuna tumbaku zitaonekana wazi kwenye namba. Mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa miezi mitatu Ziwa Tanganyika, mwanamke wa mwaloni aliyekuwa mjamzito angeweza kudhani amepona. Linganisha wiki ya kazi na wiki ya kazi, ya mapumziko na ya mapumziko.

Kusoma ulichoandika

Maumivu yakitoka 6 yakaenda 5, usishangilie na usikate tamaa. Tofauti ya moja huja na kuondoka yenyewe. Yakishuka kwa 2 au zaidi, au kwa karibu theluthi ya yalipoanzia, na yakabaki huko wiki mbili, hayo ni mabadiliko. Kwenye kazi, wastani upande kwa 2 ndipo useme nimepata nafuu. Kwa kazi moja peke yake subiri tofauti ya 3.

Vipimo vinaweza kupingana, na hapo ndipo penye elimu. Mara nyingi namba ya maumivu inabaki 5 huku kazi zikipanda kutoka 3 hadi 6. Maana yake unafanya mengi zaidi kwa maumivu yaleyale. Hiyo ni nafuu, iandike hivyo. Kinyume chake kinanitia wasiwasi zaidi: maumivu yameshuka mpaka 2 lakini kazi zimeporomoka. Mara nyingi mama huyo ameacha kutembea kabisa.

Halafu kumbuka tumbo linakua. Kati ya wiki ya 28 na ya 36 mzigo unaongezeka kila siku, hivyo mwenye namba zilezile kwa wiki hizo nane hajakwama. Kuna kitu kinachomsaidia, asikiache.

Peleka daftari kliniki pamoja na kadi, uliweke mezani kabla hujaulizwa. Foleni ni ndefu, mhudumu ana dakika chache. Sema kwa kifupi: "Maumivu yako hapa, yalikuwa 4, sasa 7 kwa wiki mbili, siwezi tena kuinuka chooni bila kushikwa." Sentensi hiyo ni vigumu mtu kuijibu kwa "vumilia". Ukiambiwa hivyo hata baada ya hapo, omba rufaa. Ulizia fiziotherapia kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa hapa Kigoma, Kitete kwa Tabora.

Baada ya kujifungua

Wengi huacha daftari siku ya kujifungua, nami nawasihi wasiache. Maumivu haya kwa wengi huisha ndani ya miezi mitatu ya kwanza, lakini si kwa wote, na anayebaki nayo husahaulika kwa kuwa macho yote yako kwa mtoto.

Njia rahisi ni kufuata chanjo. Mtoto huenda kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14. Usiku wa kuamkia kila siku hiyo, chora mwili wako, andika namba za maumivu, pima kazi zako zilezile na uinue miguu. Unaweza kuongeza kazi moja mpya, kama kuinuka kitini umembeba mtoto. Kama wiki ya 14 kinena au nyuma ya nyonga bado kuna kivuli, au kuna mguu ambao bado ni mzito kuuinua, ukishamaliza chanjo usirudi nyumbani moja kwa moja. Pitia fiziotherapia na daftari mkononi, ukianzia kuwaonyesha ukurasa wa kwanza.